Keki ya Kumuaga Daphrose

Nguo nyingi ninazoshona ni za furaha: harusi, ubatizo, mtoto kumaliza shule. Ile ya Daphrose niliishona kwa hasira mpaka nikavunja sindano, na hata leo nikimwona ameivaa moyo unanichemka upya. Kama unapenda visa ambavyo mwishoni watu wote wanakumbatiana na kulia machozi ya furaha, katafute msimulizi mwingine.

Mimi huitwa Mama Gisa. Nina kibanda cha cherehani hapa Kabeza, mjini Kigali, kwenye njia ya mawe inayoshuka kutoka barabara ya uwanja wa ndege, kati ya duka la dawa na mama muuza maziwa. Nilikulia Tanzania, upande wa Ngara, kwa hiyo Kiswahili changu kimenyooka, na Daphrose hunicheka kwamba nasema kama mtangazaji wa redio. Yeye alikulia Bujumbura, mtaa wa Buyenzi, ambako Kiswahili ni cha barabarani na sokoni, naye hukisema hivyo hivyo bila kukiomba ruhusa. Tulikutana tukiwa wapangaji wa ua mmoja, wasichana wawili waliorudi kwenye nchi ya wazazi wao wakiwa tayari wamekua, tukigombania kamba ya kuanikia nguo. Tuligombana kwa Kiswahili, na tangu hapo hatujaachana.

Nikueleze Daphrose ni mtu wa namna gani. Mama yake alikuwa akifua nguo za mapadri, na yeye akiwa bado mdogo alifundishwa kupiga pasi vitambaa vya altare kwa pasi ya makaa, na ole wake chembe ya jivu ianguke. Mpaka leo hawezi kukaa karibu na nguo isiyokunjwa. Akija kibandani kwangu kupiga soga mikono yake haitulii: anakunja vitenge vya wateja wangu, anavipanga kwa rangi, huku akisengenya nusu ya Kabeza. Anacheka kwa sauti kubwa hata kanisani. Mumewe alifariki watoto wakiwa wadogo, na watoto hao amewalea kwa pasi. Ana udhaifu mmoja tu ninaoujua: ukimwita mama na ukaisifia kazi yake, atakupa ufunguo wa nyumba.

Kwa miaka mingi alifanya kazi kwenye dobi moja kubwa kule Kicukiro, ya wale wanaofua mashuka ya hoteli. Jina silitaji, maana sitaki kuwafanyia tangazo la bure. Alianza kwa kulisha mashuka kwenye mashine ya kunyoosha, akaishia kuwa mkuu wa chumba cha pasi. Chumba chenyewe kina mvuke kama jiko la msiba, unasimama kutwa nzima, na wenye hoteli wakikuta mkunjo kwenye shuka simu inapigwa. Wengine walioko pale ni Warundi, wengine wametoka Kongo, kwa hiyo lugha ya chumba cha pasi ni Kiswahili cha kila aina, na Daphrose ndiye aliyekuwa akiamua ugomvi wao wote.

Meneja wa pale anaitwa Valens. Bado kijana, tai, manukato, shati jeupe kila siku lililopigwa pasi na unajua mwenyewe nani, na neno moja mdomoni: "Nta kibazo," yaani hakuna tatizo. Ukimwomba ruhusa ya kumpeleka mtoto hospitali, nta kibazo. Ukimkumbusha siku zako za likizo, nta kibazo. Halafu hafanyi lolote. Daphrose alimpenda. Alisema ni kijana mwenye heshima, anamwita mama.

Sisi wa Kabeza ndege zinapita juu ya mabati yetu. Zikipita mazungumzo yanasimama, zikishapita tunaendelea pale tulipoachia. Daphrose alikuwa na tabia ya kuinua macho na kuuliza kwa Kiswahili chake cha Buyenzi, "Wale watu huko juu wanajifunikaka nini? Nani anawakunjiaka?" Siku moja akapata jibu. Kampuni moja pale Kanombe inayofua mablanketi na foronya za ndege ilikuwa ikitafuta msimamizi. Alienda, wakamjaribu, wakampenda. Kutoka nyumbani kwake ni mwendo wa miguu. Mgongo wake ulikuwa umeanza kumlalamikia kwa kusimama, na kazi hii mpya ilikuwa ya kusimamia wengine, tena na kiti chake. Alikuja kibandani kwangu akicheza ngoma peke yake.

Sharti lilikuwa moja. Alete cheti cha kazi kutoka alikokuwa, kinachoonyesha alifanya nini na aliondokaje, kwa sababu hawampi mtu kitambulisho cha kuingia ndani ya uzio wa uwanja wa ndege bila kujua ametoka wapi na kwa njia gani.

Alifanya kila kitu kama inavyotakiwa. Aliandika barua ya kuacha kazi, akatoa notisi ya mwezi mzima, akachapisha nakala mbili. Waliokulia Bujumbura wana ugonjwa wa muhuri. Kwao barua isiyogongwa muhuri wa kupokelewa ni karatasi ya kufungia karanga. Akampelekea Valens nakala zote mbili, moja abaki nayo, ya pili amgongee.

"Weka tu hapo mezani, Mama," Valens akamwambia.

"Na hii yangu? Nigongee muhuri."

"Muhuri iko kwa mhasibu, amefungia. Lakini Mama, muhuri ya nini? Sisi iko familia. Unanifanya kama polisi?"

"Sikufanyi polisi, mwanangu. Ni kawaida tu."

"Nta kibazo. Wewe subiri, tutakuaga na keki kubwa, utaona."

Daphrose akaona haya. Hapa kwetu kumkalia bosi kooni kwa ajili ya karatasi ni kukosa adabu, tena bosi mwenyewe anakuita mama. Akairudisha nakala yake kwenye mkoba bila alama yoyote. Aliponieleza nilimuuliza kama ana akili timamu. Akanijibu kwamba mtu anayekuandalia keki hawezi kukukana. Alirudi siku nyingine kuulizia muhuri, akarudi tena, na kila mara mhasibu alikuwa ametoka.

Na keki ikaandaliwa kweli. Nilialikwa, nikaenda. Kigali hatuachi kazi kimyakimya. Mtu akiondoka wenzake wanachanga, Fanta zinaletwa, viti vinapangwa, kila mmoja anasimama kukusifu hata kama jana mlikuwa hamsalimiani. Walitoa meza uani, wakaitandika shuka jeupe, na keki juu yake yenye jina la Daphrose kwa krimu ya waridi. Mzee Révérien akaongoza sala. Huyu ndiye anayeangalia boila ya maji ya moto, ni mwakilishi wa wafanyakazi, na kanisani ni mzee wa kwaya. Hakuna sherehe pale inayoanza kabla hajavua kofia na kuomba, wala kisu hakigusi keki kabla ya amina yake. Hiyo ndiyo desturi yao. Aliomba kwa ile sauti yake ya kukwaruza, akamkabidhi Daphrose kwa Mungu, sote tukaitikia.

Kisha Valens akasimama. Alisema Daphrose ni nguzo ya nyumba, kwamba akienda dobi inabaki yatima. Akakunjua kitenge cha buluu chenye majani ya njano, akamfunika mabegani kwa mikono yake mwenyewe. Kilemba cha ukoka ndicho alichomvisha, ila siku ile hatukujua. Nilipiga vigelegele mpaka koo likauma.

Jumatatu yake Daphrose alirudi kuchukua cheti. Njoo kesho. Kesho yake ikawa njoo wiki ijayo, mwenye dobi amesafiri, nta kibazo. Siku ya kuanza kazi Kanombe ikawa inakaribia, naye yuko barabarani kila asubuhi kati ya Kabeza na Kicukiro. Halafu wale wa Kanombe, walipoona cheti hakiji, wakapiga simu wenyewe kule dobi kuuliza habari zake. Wakajibiwa kwamba mtu huyo ametoroka kazi.

Ametoroka! Mwanamke aliyefanya kazi mwezi mzima wa notisi, akawafundisha wenzake kushika nafasi yake, akaombewa sala, akalishwa keki, akafunikwa kitenge, ametoroka.

Alikuja kibandani ameishika simu mbali na mwili kana kwamba imemuuma. Hakulia. Alichukua kitenge cha mteja, akakikunja, akakikunjua, akakikunja tena.

"Mama Gisa, mi nimekuwa mwizi sasa," akasema. "Mtu anatorokaka kama ameiba."

Nilitaka kufunga kibanda twende Kicukiro saa ileile nikamkamate huyo bwana kwa tai yake. Daphrose aliniambia nimalize kwanza nguo ya mteja.

Baadaye tulijua kilichotokea. Valens hakuwahi kumwambia mwenye dobi kwamba Daphrose anaondoka. Aliogopa kuulizwa kwa nini mtu mzuri namna ile anakimbia mikononi mwake, basi barua akaisukumia ndani ya droo na kujifanya hamnazo, akitumaini mambo yatajipanga yenyewe. Hayakujipanga. Hoteli zikaanza kurudisha mashuka yenye mikunjo, na mwenye dobi akapiga simu kutoka safarini kuuliza Daphrose yuko wapi. Hapo Valens angeweza kusema ukweli na kukemewa kidogo. Akasema ametoroka; alichagua kumwaga unga wa mwenzake ili wake ubaki salama.

Tulienda, mimi na Daphrose. Valens alitupokea getini, hata ofisini hakutuingiza.

"Mimi sikuona barua yoyote, Mama. Kama iko, nionyeshe penye nilisaini."

"Valens, mwanangu. Na keki je?"

"Keki ni keki."

Nilimwita jina ambalo siwezi kuliandika hapa. Mlinzi akatusogeza nje kwa upole, akiona aibu, maana sare aliyovaa ilikuwa imepigwa pasi na Daphrose miaka yote bila kudaiwa kitu.

Njia ya kufuata Daphrose aliijua. Unaanza kwa mwakilishi wa wafanyakazi, akishindwa ndipo unakwenda kwa mkaguzi wa kazi wa wilaya. Tukamngoja Mzee Révérien atoke zamu. Alitusikiliza amesimama, huku akitazama geti kama mtu anayengoja mvua ipungue akimbie.

"Ihangane, Mama," akasema. "Ihangane tu."

Nalichukia neno hilo. Kwa Kinyarwanda ni neno zuri la msibani. Mtu amefiwa, unamwambia ihangane, avumilie. Lakini siku hizi kila anayekukanyaga ana mtu wake wa kuja nyuma kukuambia ihangane. Mzee alisema amebakiza muda mfupi apate pensheni, ana wajukuu nyumbani, na meneja ni meneja. Alisema atazungumza naye. Hakuzungumza naye. Wasichana wa chumba cha pasi nao, hata Aurore ambaye Daphrose alimfundisha kazi tangu hajui kushika pasi, wakaacha kupokea simu zake. Watu ambao bado walikuwa na krimu ya keki midomoni!

Basi akapeleka malalamiko wilayani. Siku ya kuitwa ilipopangwa, akaniletea kile kitenge cha buluu.

"Nishonee gauni," akasema. "Nataka aone vizuri penye mikono yake ilishika."

Niliweka kazi za watu pembeni nikalishona. Hapo ndipo sindano ilipovunjika.

Mkaguzi wa kazi anaitwa Umulisa, mwanamke mwenye miwani asiyepandisha sauti. Valens aliketi upande mmoja, Daphrose upande wa pili ndani ya majani yake ya njano, Mzee Révérien katikati kwa kuwa ameitwa kama mwakilishi, na mimi kwenye kiti karibu na mlango. Walizungumza Kinyarwanda, naandika kwa Kiswahili changu.

Valens alisema hakupokea barua. Umulisa akamwonyesha nakala ya Daphrose; akajibu kwamba mtu anaweza kuchapisha barua siku yoyote anayotaka. Umulisa akamwonyesha picha za sherehe, maana picha hazikosekani mjini hapa: keki, kitenge, Valens mwenyewe meno nje. Hakutikisika.

"Ile ilikuwa sherehe ya kumpongeza kwa kazi nzuri," akasema. "Sisi tunawathamini wafanyakazi wetu. Jumatatu akaacha kuja. Hata sisi tuliumia."

Hata sisi tuliumia! Nikasimama, nikasema mimi nilikuwepo, niliisikia hotuba yake kwa masikio haya, alisema dobi inabaki yatima. Alinitazama kuanzia viatu hadi kilemba, akamgeukia mkaguzi akitabasamu.

"Huyu ni fundi wake. Atashona lolote atakaloambiwa."

Umulisa akaniomba niketi. Nikaketi kwa ajili ya Daphrose tu.

"Mzee," mkaguzi akamgeukia Révérien, "wewe ulikuwepo siku hiyo?"

"Nilikuwepo."

"Ilikuwa sherehe ya nini?"

Mzee akaitazama kofia yake iliyokuwa magotini. "Kulikuwa na keki," akasema.

"Nimeuliza ilikuwa ya nini."

"Kulikuwa na Fanta pia."

Wenzake walimpigia kura awasemee, naye anamsomea mkaguzi orodha ya vinywaji! Valens alianza kukusanya karatasi zake kama mtu aliyeshamaliza shughuli.

Daphrose ndiye aliyesema. Sijawahi kumsikia akisema kwa sauti ndogo namna ile.

"Mzee, sikuombi unitetee. Rudia tu ile sala."

"Sala gani?"

"Uliyoomba kabla ya keki. Ilikuwa sala nzuri. Irudie kama ulivyoiomba, tuisikie wote, na yule uliyemwomba asikie pia."

Picha zilikuwa nyingi, lakini wakati wa sala nani anapiga picha? Simu zilikuwa mifukoni na macho yamefumbwa. Maneno yale hayakubaki popote isipokuwa kwa wale walioyasikia. Valens akasema hii ni ofisi ya serikali, si kanisa. Umulisa akamwambia angoje.

Mzee Révérien akaigeuza kofia mikononi, akaigeuza tena. Mtu huyu angeweza kumdanganya mkaguzi, sina shaka, alikuwa ameshaanza. Lakini kuitunga upya sala aliyokwisha kuipeleka mbinguni, hilo lilimshinda. Akafumba macho.

"Mungu Baba," akaanza, na sauti ikakwaruza kama siku ile, "tunakukabidhi mama yetu Daphrose, anayetuacha leo kwenda kwenye kazi yake mpya Kanombe. Umfungulie njia. Umpe kibali kwa mabosi wake wapya kama alivyokuwa nacho kwetu..." Akafumbua macho. Yalikuwa yamelowa. "Ndivyo nilivyoomba, Mheshimiwa. Na Meneja alisema amina kwa sauti kuliko sisi wote."

Valens alianza kueleza kwamba sala ni sala na utaratibu ni utaratibu. Umulisa akamkatiza, bado bila kupandisha sauti.

"Kuacha kazi kwa notisi ni haki ya mfanyakazi, si ombi analokuomba wewe. Hukutakiwa kukubali wala kukataa, ulitakiwa kupokea. Na cheti cha kazi anapewa kila anayeondoka, hata uliyemfukuza mwenyewe. Utakiandika sasa hivi. Kisha utawaandikia wale wa Kanombe kwamba uliyowaambia si kweli."

Valens akaandika. Alipomaliza, akafungua mkoba wake wa ngozi akatoa muhuri. Ule ule wa kwa mhasibu! Alikuwa akitembea nao. Nilicheka kicheko kibaya, na safari hii mkaguzi hakuninyamazisha.

Ungedhani kisa kimeishia hapo, mtu ameshinda, twende nyumbani. Siku ya kuanza Kanombe ilikuwa imeshapita. Nafasi ya msimamizi walikuwa wamempa mwingine, binti asiye na kosa lolote. Walisoma cheti, wakasoma barua ya Valens, wakasikitika, wakampa Daphrose nafasi iliyokuwa imebaki: kukunja mablanketi kwa kusimama, chini ya binti huyo. Aliichukua. Sasa ndege ikipita juu ya Kabeza anajua watu wa huko juu wanajifunika nini na nani anawakunjia, ila kiti alichoahidiwa amekalia mwingine, na jioni mgongo unamlilia kama zamani. Umulisa alimweleza kwamba hasara hiyo anaweza kuidai mahakamani. Kesi ameifungua, inangoja zamu yake.

Na Valens? Valens bado ni meneja. Mwenye dobi alimkemea, yeye akajibu nta kibazo, na maisha yakaendelea. Wapo wanaoniambia niachane naye, mambo yamekwisha, ihangane Mama Gisa. Sitaki. Mwenye kuumia mgongo si yeye.

Mwezi uliopita Aurore naye aliacha kazi, amepata nafasi kwenye hoteli moja mjini. Alikuja kwa Daphrose kichwa chini, akaomba msamaha kwa simu ambazo hakupokea, akatualika sote wawili kwenye sherehe ya kumuaga. Nilisema siendi kunywa Fanta ya Valens. Daphrose akasema Fanta ni ya wafanyakazi, wamechanga wao. Akavaa lile gauni.

Uani kulikuwa vilevile: meza, shuka jeupe, keki, jina la Aurore kwa krimu. Valens alikuwa na kitenge kipya mkononi, tayari kwa hotuba. Alipotuona alitusalimia kwa heshima zote, Mama habari ya siku nyingi, kana kwamba tulikosana ndotoni. Sikumjibu. Mzee Révérien akasimama, akavua kofia. Tukafumba macho, tukangoja. Hakikusikika kitu ila boila ikinguruma upande wa nyuma. Nikafumbua jicho moja, kisha la pili. Mzee hakuwa amefumba macho hata kidogo. Alikuwa akimtazama meneja.

"Aurore," akasema, "barua yako wamegonga muhuri?"

"Bado, Muzee. Meneja alisema muhuri iko kwa mhasibu."

Mzee akavaa kofia yake. Akaketi.

Valens akacheka. "Muzee, omba basi tuendelee. Hiyo ya muhuri tutafanya kesho, nta kibazo."

"Siombi," Mzee akasema. "Nilishaomba mara moja juu ya barua haina muhuri, nikaitwa kule wilaya kurudia sala yangu. Leta muhuri."

Hakuna aliyegusa kisu, wala hakuna aliyefungua Fanta. Wasichana wa chumba cha pasi, Warundi kwa Wakongo, walikaa wamekunja mikono wakimtazama. Nilikuwa na maneno yangu tayari, ya kumtosha yeye na ukoo wake, lakini Daphrose akanifinya paja. Valens alitazama huku na huku akitafuta mtu wa kumwambia mzee aache utani. Hakumpata. Akaenda ofisini, akarudi na muhuri na kidau cha wino. Aurore akatoa nakala zake mbili kwenye mkoba, akazilaza juu ya shuka jeupe, kando ya keki.

Mzee Révérien akasimama kuvua kofia tena. Lakini muhuri ulipogonga karatasi, kabla hajafungua kinywa, Daphrose alisema kwa sauti yake yote, ile ya kanisani: "Amina."